Unyoya wa bata kwenye mzinga: yanayosemwa na ukweli wake

Jua limezama, tumefungua mzinga wa viunzi, yaani ule ambao kila sega linaning'inia kwenye kijiti kimoja cha juu. Sega limeiva, asali imefunikwa kwa nta nyeupe toka juu hadi karibu na ncha, na nyuki wamelifunika kama shuka. Inabidi waondoke bila kufa, bila kukasirika na bila sega kukatika. Kwa kazi hiyo mimi hushika unyoya wa bata bukini, na kila nikiutoa nasikia maneno yale yale.

"Unyoya ni wa asiyeweza kununua brashi." Hili ndilo linaloniuma zaidi, maana limewafanya wengi wautupe. Ulaya, wafugaji nyuki wametumia bawa la bata bukini vizazi kwa vizazi, na mpaka leo wapo wanaoiacha brashi nyumbani wakabeba unyoya. Utazame kwa karibu. Kutoka kwenye uti wa katikati zinatoka nyuzi nyembamba, na kila uzi una vikulabu vidogo, visivyoonekana kwa macho, vinavyoushika uzi wa jirani. Uchane kwa kidole, kisha uupitishe katikati ya vidole viwili: unajifunga tena kama kitambaa. Brashi ya plastiki au ya katani nyuzi zake zimeachana. Nyuki ana vinyweleo mwilini na kucha miguuni, kwa hiyo anazama humo na kunasa. Akishanasa, anachoma.

Hapo ndipo inapozaliwa dhana ya pili, kwamba nyuki wanauchukia unyoya wenyewe. Wanachokifuata ni harufu. Nyuki akichoma, mwiba unabaki pamoja na tezi yake, na tezi hiyo hutoa harufu ya kuwaita wenzake vitani. Inanukia kama ndizi mbivu. Ukiisikia juu ya mzinga, punguza mwendo na ongeza moshi kidogo. Unyoya au glavu iliyochomwa inabeba mwito huo hadi sega linalofuata. Ndiyo maana nakuwa na ndoo ya maji pembeni na manyoya matatu au manne: ulionukia au ulioganda asali unaingia majini, nashika mwingine. Kuna chembe ya ukweli katika dhana hii, nayo ni kwamba nyuki hushambulia upesi zaidi kitu cheusi chenye manyoya manyoya. Kwa hiyo chagua unyoya mweupe, mmoja mmoja, usifunge kishada kinachofanana na mkia wa mnyama.

"Kung'uta tu, ni haraka zaidi." Kwenye mzinga wa fremu, sawa, mara nyingi inafaa, kwa sababu sega limeshikwa na mbao pande zote. Mzinga wa viunzi, huu uliosambaa toka Kenya kuanzia miaka ya 1970, hauna mbao hizo. Sega linaning'inia kwenye kiunzi chenye upana wa milimita 32 hivi, limeshikwa juu tu, na nta ikiwa na joto ni laini. Likung'ute likiwa na asali, utabaki na kiunzi mkononi na sega zima chini, nyuki wamezama ndani yake. Hata kwenye fremu, sega lenye vyumba vya malkia, yaani vinamolelewa malkia wachanga, halikung'utwi kamwe. Jana, yaani mtoto wa nyuki aliye bado chumbani, la malkia likitikiswa linaweza kuharibika au kufa. Na asali ambayo bado ni maji hudondoka, hukaribisha sisimizi. Sega la namna hii ni la unyoya, basi.

Moshi peke yake nao hautoshi. Unawatuliza nyuki na kuifunika ile harufu ya vita, lakini ukiuzidisha ili uwafukuze wote, asali inanuka moshi na mnunuzi anaikataa.

"Unyoya wowote unafaa." Hapana. Manyoya ya kifuani ni laini mno, yanalowa na kulala. Chukua ya bawa, marefu na magumu kidogo, ya bata bukini au bata mzinga. Huna haja ya kumchinja ndege: bata bukini huangusha manyoya ya mbawa kila mwaka, tena mengi kwa wakati mmoja. Okota, osha, anika.

Namna ya kuutumia ndiyo hukosewa kuliko yote. Mtu anafagia kama anafagia uwanja, mkono mrefu toka juu hadi chini, na nyuki wanabiringishwa wakivunjika miguu. Lowesha ncha kidogo. Shika sega wima juu ya mzinga ulio wazi, usililaze hata mara moja. Kisha gusa na kurusha, kwa mkono mfupi na mwepesi, nyuki waangukie ndani kwao. Wakirudi, subiri kidogo ndipo urudie.

La mwisho ni la wale wanaosema unyoya ni kitu asilia, hauwezi kueneza ugonjwa. Unaeneza kama brashi, kama glavu, kama patasi ya kufungulia mzinga. Vijidudu vya ugonjwa wa kuoza kwa majana huweza kukaa kwenye vifaa miongo kadhaa vikiwa hai, na kusuuza kwa maji hakuviui. Mzinga ninaoutilia shaka naufungua mwisho, na unyoya niliotumia hapo unaishia kwenye moto kabla sijaondoka.