Je, kampuni ina haki za kikatiba Kenya?
Jijini Nairobi husikika dai kwamba kampuni kuwa na haki za kikatiba ni kioja cha Marekani, kilichozuka mwaka 2010 pale Mahakama ya Juu ya huko, katika kesi ya Citizens United, ilipoziruhusu kampuni kutumia fedha zao kuunga mkono au kupinga wagombea. Dai hilo halisimami. Mwaka uo huo Wakenya walipitisha Katiba ambayo Kifungu chake cha 260 kinasema neno "mtu" linajumuisha kampuni na mashirika, yawe yamesajiliwa au la. Ndiyo maana Kifungu cha 40 kinailinda mali ya kampuni kama kinavyolilinda shamba la mkulima.

Hata hivyo, si kila haki ni ya kampuni: haki za kisiasa za Kifungu cha 38, ikiwemo kupiga kura, ni za raia pekee, na haki ya kutoteswa haiwezi kuihusu kampuni, ambayo haina mwili. Jambo linalosahaulika zaidi, na kwa maoni yangu ndilo zito, ni kwamba Kifungu cha 20 kinawalazimu watu wote, kampuni zikiwemo, kuheshimu haki za kikatiba, si serikali tu. Kwa hiyo mfanyakazi aliyebaguliwa anaweza kuishtaki kampuni kwa kukiuka Katiba yenyewe.