Viungo vikizidi, pilau haliliki: dhana potofu kuhusu kubadilishana linki

Neno "viungo" lilikuwa la jikoni kabla halijawa la tovuti, likimaanisha linki: maneno unayobonyeza yakakupeleka ukurasa mwingine. Labda ndiyo maana mpishi wa pilau hulielewa suala hili upesi kuliko mafundi wengi wa mtandao. Iliki chache zinanukia, lakini ukimimina kopo zima hakuna atakayekula. Hata hivyo, kila siku wenye tovuti hupokea barua pepe ileile: "Weka linki yangu, nami nitaweka yako, sote tutapanda kwenye matokeo ya Google." Nyuma ya barua hiyo kuna imani kadhaa zinazofaa kupimwa.

"Linki ni kura, kwa hiyo nikusanye nyingi."

Nusu yake ni kweli. Mwaka 1998 Larry Page na Sergey Brin, wakiwa Chuo Kikuu cha Stanford, walieleza mbinu yao ya PageRank, ambayo ilihesabu kiungo kama kura. Wanaosimulia habari hii huiacha nusu ya pili: kura hazilingani uzito. Ukurasa unaoaminiwa hupiga kura nzito, na uzito huo hugawanywa kati ya viungo vyote vilivyomo ndani yake. Ule ukurasa wa "Washirika Wetu" wenye majina 300, kuanzia fundi bomba hadi kasino, hukuachia punje tu. Leo Google inatumia vigezo vingine vingi pia, lakini hesabu hii bado inafundisha kitu.

Duka la Marekani JCPenney lilijifunza kwa gharama. Mwezi Februari 2011 gazeti la New York Times lilionyesha kwamba maelfu ya viungo vya duka hilo vilipachikwa kwenye tovuti zisizohusiana nalo kabisa; kimoja cha magauni kilikuwa kwenye tovuti ya mambo ya nyuklia. Google ilichukua hatua, na katika utafutaji wa mabegi ya safari ya Samsonite duka likaporomoka kutoka nafasi ya 1 hadi ya 71 ndani ya saa mbili. Kampuni ilisema haikujua lolote, ikaachana na washauri wake.

"Basi kubadilishana ni marufuku kabisa."

Hapana. Kinachokatazwa na sera za Google ni kubadilishana kupita kiasi, na kurasa zilizotengenezwa kwa kazi hiyo pekee. Chukua Paje, Unguja. Hoteli ina ukurasa unaoeleza maji kupwa na kujaa, na shule ya kaiti (mchezo wa kuteleza baharini ukivutwa na tiara kubwa) iliyo jirani ina ukurasa wa pepo za kusi na kaskazi. Mgeni anayetaka kuruka na kaiti anahitaji kurasa zote mbili. Wakielekezana, ni ujirani wa kawaida, na mtandao umejaa ujirani wa namna hiyo.

Sasa linganisha na tovuti ya mashairi ya nyimbo, Rap Genius. Mwishoni mwa 2013 iliwaambia wanablogu: bandikeni rundo la linki zetu, nasi tutawatangaza kwenye Twitter. Hakukuwa na msomaji yeyote aliyezihitaji linki zile. Siku ya Krismasi Google iliishusha kiasi kwamba hata aliyetafuta jina lake hakuiona ukurasa wa kwanza. Ilirudi baada ya siku kumi hivi, baada ya kazi kubwa ya kuzifuta.

"Nikizungusha pembetatu, sitakamatwa."

Yaani Asha anampa linki Juma, Juma anampa Neema, Neema anamrudishia Asha. Ujanja huu unauzwa kama siri. Lakini kompyuta inayosoma viungo vya mtandao mzima huona pembetatu kwa urahisi uleule inavyoona mstari.

"Tovuti yake ina DA 60, huyo ndiye mshirika."

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea. DA ni kipimo cha nguvu ya tovuti kinachotolewa na kampuni ya Moz, na DR ni cha kampuni ya Ahrefs. Hivyo ni makadirio ya makampuni ya nje. Google haivitumii kupanga matokeo yake, na namba hizo zinaweza kupandishwa kwa linki za kununua.

Mimi huanza kwa kusoma. Makala za tovuti hiyo zimeandikwa na mtu anayeijua kazi yake? Kisha naangalia inawaelekeza wasomaji wake wapi: nikikuta leo inasifu dawa za kupunguza unene, kesho kamari, najua milango iko wazi kwa kila mwenye pesa. Halafu nalitafuta jina lake kwenye Google. Tovuti isiyoonekana hata kwa jina lake ina tatizo. Mwisho najiuliza kama linki yangu itakaa ndani ya aya, mahali msomaji atakapoibonyeza, au itafichwa chini kabisa ya ukurasa. Nikiamini kwamba hata watu watano kwa mwezi wataifuata, naendelea na mazungumzo hata kama DA yake ni 9.

"Linki yenye alama ya nofollow haina faida."

Alama hiyo, inayofichwa ndani ya linki kuiambia Google isiihesabu kama kura, ilianza 2005 kupambana na linki takataka zinazomwagwa kwenye maoni ya wasomaji, na tangu 2019 Google huichukulia kama dokezo, si amri. Mgeni anayeibonyeza linki haioni alama hiyo, naye anakufikia vilevile. Na ukilipia tangazo, hapo ndipo mahali pa alama ya "sponsored", yaani linki iliyolipiwa.

Wa kumwandikia basi ni nani? Anza na unaofanya nao kazi tayari: dereva mwenye tovuti, muuza sabuni za mwani, chama chako cha biashara chenye orodha ya wanachama. Mtajie ukurasa wake uliousoma, aya ipi, na ukurasa wako utamfaa nini msomaji wake. Na kama yeye yuko Jambiani nawe uko Paje, achana na barua pepe, panda daladala.