Je, wajua kwa nini ukipiga chafya mkojo unachomoka, na simu inasaidiaje?

Wanawake wenzangu wa Unguja na Pemba, leo tuambizane ukweli maana hili jambo wengi tunalijua na hakuna anaelisema. Uko kwenye harusi mmekaa uwani, mtu katia mzaha mmoja watu wote hoi, wewe unacheka huku umebana miguu na moyoni unaomba lisitoke. Au unainuka kwenye sijda unahisi kijitone, basi tena, udhu umekwenda na unaanza kuwaza kama nguo ina twahara au haina. Wapo waloacha kusafiri na boti kwa sababu hiyo hiyo, ukimuuliza anakwambia bahari inamchafua roho.

Sasa kwa nini inatokea? Wale wa zamani mnavikumbuka vitanda vya kamba, teremka tukaze. Kitanda kipya kamba zimekaza, unalala sawa. Kikitumika sana kinalegea katikati kinafanya shimo, ndo mnaambiwa teremkeni tukikaze. Basi na wewe chini kabisa ya mwili, kuanzia mfupa wa kinena mbele mpaka kifandugu nyuma, kuna misuli imetandikwa hivo hivo, na juu yake kimekaa kibofu, kizazi na mwisho wa utumbo mkubwa. Ukikohoa, ukicheka au ukinyanyua ndoo, tumbo linasukuma kwa nguvu kwenda chini, misuli ikiwa imekaza inabana mlango wa mkojo hakitoki kitu, ikiwa imelegea ndo hapo kinachomoka.

Kinacholegeza ni mimba yenyewe, kuzaa, kukoma hedhi, unene, kikohozi kisichokwisha, choo kigumu cha kila siku, na mizigo mizito. Mie nikiwaona mama zetu wa mwani kule Paje na Jambiani wanavyotoka baharini na magunia yanachuruzika maji, nafikiria hii misuli tu. Na sio ugonjwa wa vikongwe, hata aliezaa mtoto mmoja mwaka jana inaweza kumpata. Mkaja tunaofungwa baada ya kuzaa unashika tumbo, lakini kamba za kitanda ziko chini, haukazi huko.

Iko na aina ya pili ambayo wengi wanaichanganya. Huyu hakohoi wala hacheki, anarudi zake sokoni, kufika mlangoni kutia ufunguo tu, kibofu kimeshaamua. Hapa msuli wa kibofu chenyewe unajikamua kabla ya wakati. Na wengine wanazo zote mbili.

Haya, simu inaingia wapi? Daktari mmoja wa Marekani, Arnold Kegel, mwaka 1948 aliandika kwamba misuli hii inafundishika kama wa mkono, ndo mpaka leo yanaitwa mazoezi ya Kegel. Tatizo lake kubwa ni kusahau, na aibu ya kwenda kuuliza. Watu wa chuo kikuu cha Umeå, Sweden, wakaona basi tuwapelekee kinamama mafunzo huko huko waliko. Kwanza walichukua wanawake 250 wanaovuja wakikohoa, kundi moja likafundishwa kwa intaneti na jengine likatumiwa kijitabu kwa posta, makundi yote mawili yakapata nafuu kubwa (hapa nilicheka, maana nilidhani kompyuta itashinda kwa mbali). Baadae wakatengeneza programu ya simu inaitwa Tät, wakaijaribu kwa wanawake 123, nusu wakapewa na nusu wakaambiwa subirini kwanza, na baada ya miezi 3 walopewa walikuwa wanavuja kidogo kuliko wenzao, na hakuna aliekutana na daktari uso kwa uso. Kwa hiyo dawa sio simu, dawa ni zoezi, simu inakukumbusha na haikuonei haya. Ila angalia simu ambayo watoto wanachezea gemu, notifikesheni ikitokea mbele ya wageni utajuta.

Programu ya Tät ipo kwa Kiingereza, lakini zoezi lenyewe halihitaji lugha. Jifanye unazuia upepo usitoke mbele ya wakwe, na papo hapo unazuia mkojo. Utahisi kitu kinapanda juu kwa ndani. Sio kubana matako, sio kuingiza tumbo, sio kuzuia pumzi, na hasa sio kusukuma chini kama unaezaa, hilo ndo kosa linaloharibu. Ukiweza, bana mpaka sekunde 10, legeza muda huo huo, halafu rudia. Kama unaweza sekunde 3 tu, anza na 3. Miongozo ya Uingereza inasema mibano angalau 8, mara 3 kwa siku, kwa miezi 3 isiyopungua. Mie ningekwambia ufunge na sala, ukishatoa salamu ya alfajiri, adhuhuri na isha unabaki pale pale kwenye mswala unafanya, hakuna atakaejua. Na kuna ujanja mmoja mzuri sana, chafya ukihisi inakuja bana kwanza ndo upige.

Kwa yule wa aina ya pili, wa kukimbilia choo, kuna programu za simu za namna hii zinazomsaidia kukifundisha kibofu. Unaandika siku 3 umekunywa nini, umekwenda saa ngapi, umevuja saa ngapi. Halafu unaanza kukichelewesha, leo dakika chache, wiki ijayo robo saa, mpaka kinazoea. Ile tabia ya kwenda chooni "nisije nikabanwa njiani" kila ukitoka nyumbani inakizoesha kibofu kulia na kidogo tu. Chai ya rangi na kahawa punguza, lakini maji usiache jamani, najua wengi mnakaa na kiu kwa makusudi na joto letu hili, mkojo ukiwa mzito unakiwasha kibofu ndo kinazidi.

Na haja kubwa je? Hiyo ndo inayofichwa zaidi, mtu anaweza kusema mkojo lakini hilo hasemi hata kwa mamaake. Misuli ni ile ile. Kuna utepe mmoja wa msuli umezunguka nyuma ya utumbo unauvuta mbele, unapinda kama mpira wa maji uliokunjwa, hakipiti kitu. Ukichuchumaa unalegea njia inanyooka, kwa hiyo choo chetu cha kuchuchumaa kina akili yake, na mwenye choo cha kukaa aweke kigoda chini ya miguu. Mara nyengine anaevuja anakuwa kumbe ana choo kigumu, kimeziba, kile chepesi kinapita pembeni. Huyo akikimbilia dawa za kufunga tumbo anajiongezea balaa.

Sasa pale ambapo simu haifai. Mkojo au choo kinachotoka muda wote, usiku na mchana, baada ya uchungu wa kuzaa wa siku nyingi, hiyo inaweza kuwa fistula, ni tundu, na tundu halikazwi kwa mazoezi, linataka upasuaji. Damu kwenye mkojo au choo, maumivu, homa, au miguu kufa ganzi pamoja na kuvuja, spitali siku hiyo hiyo. Na kuhusu sala, masheikhe wetu wa Kishafii wanajibu: ikiwa kinatoka bila kukatika unajisafisha, unavaa pedi, unatia udhu wakati ukiingia, unasali. Huna haja ya kuiacha.

Miezi 3 ikipita hujaona tofauti, inawezekana unabana msuli sio, maana simu haikuoni. Muombe mkunga au mtu wa mazoezi ya viungo akupime, na lile daftari lako la siku 3 ulichukue, utamuonesha tu na hutolazimika kuanza kwa kujieleza.