WHERE huchuja, ORDER BY hupanga: usiiachie hifadhidata ikukisie

Hili ni swali la kawaida kabisa la SQL, lugha ya kuuliza hifadhidata:

SELECT jina, alama
FROM wanafunzi
WHERE darasa = 3 AND alama >= 60
ORDER BY alama DESC, jina;

Yaani: nipe jina na alama za wanafunzi wa darasa la 3 waliopata 60 au zaidi, aliyeongoza atangulie, waliofungana wafuate alfabeti. Hifadhidata yenyewe haianzii juu. Kimantiki huanza na FROM, huchuja kwa WHERE, huchukua safuwima za SELECT, kisha hupanga. Ndiyo maana jina jipya uliloipa safuwima ndani ya SELECT hukubalika kwenye ORDER BY, ilhali hifadhidata nyingi hulikataa kwenye WHERE.

Mitego mingi iko kwenye kuchuja. WHERE hubakiza tu rekodi ambazo sharti lake ni kweli. Mwanafunzi ambaye alama yake haijaingizwa ana NULL, na NULL si sifuri, ni thamani isiyojulikana. Ukiuliza alama >= 60, hatokei. Ukigeuza ukauliza alama < 60, hatokei pia! Jumlisha orodha hizo mbili na darasa halitimii, wala hakuna ujumbe wowote wa kosa. Mtafute kwa alama IS NULL; kuandika = NULL hakutakuletea mtu. Mimi ningelifundisha hili siku ya kwanza kabisa, kwa sababu anayetoweka kwenye ripoti ni mtu halisi.

Tena, AND hutangulia OR. Ukiandika darasa = 3 OR darasa = 4 AND alama >= 60, utaletewa darasa la 3 lote, hata waliofeli. Tumia mabano.

Bila ORDER BY hakuna mpangilio ulioahidiwa, hata kama leo rekodi zinatoka jinsi zilivyoingizwa. Faharasa mpya tu (orodha ya kuharakisha utafutaji) inaweza kuuvuruga. Na ukiondoa sharti la alama kwenye swali letu, programu ya hifadhidata ya PostgreSQL itawaweka wenye NULL juu ya orodha, kwa kuwa huihesabu NULL kuwa kubwa kuliko thamani zote. MySQL, programu nyingine ya aina hiyo, huihesabu kuwa ndogo, hivyo huwapeleka chini. Kwenye PostgreSQL ongeza NULLS LAST baada ya DESC.

Ukiona 100 imepangwa chini ya 95 ilhali umeomba DESC, kagua aina ya safuwima: alama zimehifadhiwa kama maandishi, na hapo hulinganishwa herufi kwa herufi. Ibadilishe iwe ya namba.