Kwa nini shirika moja la umma huitwa na zaidi ya kamati moja ya Bunge

Mamlaka ya Usimamizi wa Bandari Tanzania inaweza, ndani ya mwaka mmoja, kuketi mbele ya Kamati ya Bunge ya Miundombinu, kisha mbele ya Kamati ya Hesabu za Serikali, maarufu kama PAC, na baadaye mbele ya Kamati ya Uwekezaji wa Mitaji ya Umma, yaani PIC. Mwananchi anayeviona vikao hivyo katika taarifa ya habari, huku viongozi wale wale wakiwa wamebeba makabrasha yale yale, huuliza kama wabunge hawarudii kazi ya wenzao. Swali hilo ni la haki, na jibu lake halimo katika majina ya kamati bali katika aina ya swali ambalo kila kamati imepewa kuliuliza.

Ibara ya 63 ya Katiba ya mwaka 1977 inalipa Bunge madaraka ya kuisimamia na kuishauri Serikali na vyombo vyake vyote kwa niaba ya wananchi, na Ibara ya 96 inaliruhusu kuunda kamati za namna mbalimbali. Katiba haisemi kamati zipi ziwepo wala zigawane vipi kazi. Mgawanyo huo umo katika Kanuni za Kudumu za Bunge, ambazo Bunge lenyewe huzitunga na kuzibadilisha, na ndiyo sababu mipaka ya kamati imekuwa ikihama.

Tuchukue mfano wa gati linalotakiwa kupanuliwa katika bandari ya Dar es Salaam. Fedha zikiwa bado ni makadirio, mwenye swali ni kamati ya sekta, ambayo hapa ni Kamati ya Miundombinu: je, mradi unahitajika, sera inaelekeza nini, bajeti ya wizara inatosha? Mashauriano hayo hufanyika kabla ya mkutano wa bajeti, unaoanza Aprili na kumalizika Juni, na Kamati ya Bajeti huangalia jumla ya mapato na matumizi ya nchi nzima. Fedha zikishatumika, swali linahamia PAC: je, zilitumika kwa kazi iliyoidhinishwa, kwa kufuata sheria ya ununuzi, na hati za malipo zipo? Gati likishaanza kupokea meli, PIC inataka kujua kama mtaji wa umma uliozikwa pale unazaa.

PAC haianzi kazi yake gizani. Msingi wake ni taarifa ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, CAG, ambayo chini ya Ibara ya 143 hukabidhiwa kwa Rais na kisha kuwasilishwa bungeni. Mwaka wa fedha huisha tarehe 30 Juni, na Rais hupokea taarifa mwishoni mwa Machi unaofuata. Anayeitwa kujibu hoja za ukaguzi ni Afisa Masuuli, yaani mtendaji mkuu anayewajibika kwa fedha za taasisi, si Waziri, kwa sababu ndiye aliyeidhinisha malipo. Udhaifu wa utaratibu huu, kwa maoni yangu, ni muda: kamati inapohoji malipo, mara nyingi aliyeyaidhinisha amekwisha kuhamishwa, na mrithi wake anajibu kwa niaba ya mtu asiyekuwepo chumbani.

Historia ya eneo hili inafaa kusimuliwa, kwa kuwa ndiyo chanzo cha mkanganyiko mwingi. Zamani mashirika yalikuwa na kamati yao ya hesabu, POAC, hadi ilipofutwa mwaka 2013 na majukumu yake kuingizwa PAC. Wapo waliohofu kwamba mashirika yangepata upenyo. Hata hivyo, Novemba 2014 ni PAC hiyo hiyo iliyowasilisha bungeni taarifa ya akaunti ya Tegeta Escrow, iliyohifadhi fedha za malipo ya umeme yaliyokuwa na mgogoro, taarifa iliyotokana na ukaguzi maalumu wa CAG, na wiki chache baadaye Mwanasheria Mkuu wa Serikali akajiuzulu na waziri mmoja akaondolewa. Tatizo lililobaki lilikuwa mzigo. Mashirika na taasisi za umma ni zaidi ya 200, na kamati moja haiwezi kuhoji hesabu za wizara zote na pia kupima biashara ya kila shirika. PIC ilipoundwa mwaka 2016 haikurithi tu kazi ya POAC. Ilipewa jicho la mwekezaji. Ndiyo maana mshirika wake wa karibu ni Msajili wa Hazina, anayeshika hisa za Serikali, na lugha ya vikao vyake ni ya gawio, madeni na ukuaji wa mtaji. Hata pale ambapo Serikali ni mbia mdogo, kama katika kampuni ya madini ya Twiga Minerals ambako ina hisa za asilimia 16, swali la faida ya umma lina mlango wa kupitia.

Fedha za halmashauri zina kamati yake, Kamati ya Hesabu za Serikali za Mitaa, yaani LAAC. Hapa wengi hukosea, kwa kudhani kwamba kila huduma ya wilayani ni ya LAAC. Zahanati iliyojengwa na halmashauri ni yake. Barabara kuu ya TANROADS, wakala wa barabara wa Serikali Kuu, inayopita katika wilaya hiyo hiyo si yake. Mashirika ya Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar nayo husimamiwa na Baraza la Wawakilishi, lenye kamati zake.

Kamati zote hizi zina nguvu ya kumwita shahidi na kudai nyaraka, chini ya Sheria ya Haki, Kinga na Madaraka ya Bunge, lakini hakuna hata moja inayoweza kumfukuza mkurugenzi kazi. Kamati hupendekeza, Bunge likikubali linapitisha azimio, na Serikali ndiyo hutekeleza. Kama azimio limetekelezwa au limewekwa kabatini, mahali pa kutazama ni taarifa ya CAG ya mwaka unaofuata, katika sehemu inayoeleza utekelezaji wa mapendekezo ya miaka iliyopita, ambayo kwa bahati mbaya ndiyo sehemu isomwayo na wachache zaidi.