Damu imesafika, uboho bado

"Daktari, damu imeshasafika, mbona bado mnamchoma mwanangu sindano?" Mama mmoja aliniuliza hivyo wodini, mtoto akiwa na leukemia kali ya limfu, aina ya saratani ya damu. Swali la haki kabisa. Nikavuta kiti.

Uboho tunautoa kwenye mfupa wa nyonga, kwa nyuma. Kipande chake ni chembamba kama njiti ya kiberiti, lakini ukikiweka chini ya hadubini unakuta mtaa mzima: vimishipa vya damu, seli za mafuta, seli zinazojenga mfupa, na katikati yao seli shina zinazozaa damu yote. Mwaka 1978 mtafiti Ray Schofield alitoa wazo kwamba seli shina hubaki shina kwa sababu ya majirani zake.

Leukemia huuteka mtaa huo. Majirani hutoa protini iitwayo CXCL12, ambayo huzivuta seli shina na kuzishikilia zisitoke. Seli nyingi za leukemia nazo zina kipokezi chake (sehemu ya seli inayonasa protini hiyo), CXCR4, kwa hiyo hushikiliwa papo hapo. Baadhi hulala, zikigawanyika polepole sana, na dawa nyingi za kemo, yaani dawa za kuua saratani, huua seli iliyo mbioni kugawanyika. Hata asparaginasi, dawa inayoondoa asparajini, kirutubisho, kwenye damu ili seli za leukemia zife njaa, hupata upinzani: maabara imeonyesha seli za uboho zikitengeneza asparajini na kuzigawia. Umefunga duka, jirani anapitisha sahani dirishani.

Kilichonigusa zaidi ni utafiti wa panya wa 2010. Watafiti waliondoa jeni moja, Dicer1, kwenye seli changa za mfupa peke yake. Seli za damu hazikuguswa, lakini uzalishaji wa damu ukavurugika, na baadhi ya panya wakapata leukemia. Tangu nisome hilo, siangalii tena uboho kama mfuko tu wa kubebea ugonjwa.

Je, tunaweza kuzitoa seli za leukemia mafichoni? Plerixafor, dawa iliyoidhinishwa Marekani 2008 kwa kukusanya seli shina za kupandikiza, huziba CXCR4. Imejaribiwa kuzifukuzia seli za leukemia kwenye damu ili kemo izikute huko, ila bado si tiba ya kawaida.

"Kwa hiyo bado zimo?" mama akauliza.

"Huenda zimo, mama. Hadubini inaweza isione kitu na mwilini zikawapo mamilioni. Ndiyo maana matibabu huchukua miaka 2 hadi 3."

Akanyamaza kidogo, akafungua mkoba, akatoa kadi ya kliniki. "Basi niandikie tarehe zote."