Shindano la hatua kazini: maana yake na hesabu zake

Shindano la hatua ni mpango ambao wafanyakazi wa mahali pamoja hujigawa katika timu, kila mmoja akahesabu hatua anazotembea kwa siku, kisha hesabu za timu zikalinganishwa kwa muda uliokubaliwa, tuseme wiki nne au sita. Chombo cha kuhesabia ni simu au saa ya mkononi. Ndani yake mna kifaa kidogo kinachohisi mtikisiko wa mwili, na programu inaugeuza mtikisiko huo kuwa idadi ya hatua. Ndiyo maana simu iliyoachwa mezani haihesabu chochote. Kina mama wanaovaa nguo zisizo na mifuko hupoteza hatua nyingi kwa njia hii, kwa sababu simu hubaki kwenye mkoba. Jambo hili lizungumzwe siku ya kwanza.

Sehemu inayoharibika kwa urahisi ni namna ya kulinganisha. Ofisini kwetu hapa Kisumu tulianza vibaya: tulibandika orodha ya majina kuanzia mwenye hatua nyingi. Tarishi, ambaye kazi yake ni kuzunguka mjini kutwa, akawaacha wote kwa mbali. Mama wa mapokezi mwenye maumivu ya goti akaliona jina lake mkiani, na wiki ya pili hakuleta hesabu. Iliniuma, kwa sababu mpango ulikuwa wa afya yake kuliko ya yule tarishi.

Dawa yake ni wiki ya msingi. Kwa siku saba kila mtu anaishi kama kawaida yake na kuandika hatua zake, bila kujitutumua. Wastani wa siku hizo ndio mwanzo wake, na kinachopimwa baadaye ni ongezeko. Timu ya uhasibu ikitoka wastani wa hatua 3,800 kwa mtu hadi 5,200, imeongeza 1,400. Walinzi wakitoka 11,000 hadi 11,400, wameongeza 400. Uhasibu wameshinda, na ni haki yao. Nimesema wastani kwa mtu, si jumla, kwa kuwa timu ya watu wanane itaishinda ya watu watano kwa wingi wao tu.

Asiyeweza kutembea sana, au anayetumia kiti cha magurudumu, asiachwe nje. Mwendo wa kasi ya kiasi ni takriban hatua 100 kwa dakika, basi dakika 10 za mazoezi yoyote anayoyamudu zihesabiwe kuwa hatua 1,000.

Watu huuliza: si lazima zifike 10,000? Namba hiyo ilitoka Japani mwaka 1965, kampuni ya Yamasa ilipouza kipimo kilichoitwa manpo-kei, yaani kipimo cha hatua elfu kumi. Lilikuwa jina la bidhaa. Utafiti wa I-Min Lee na wenzake uliochapishwa mwaka 2019, uliofuatilia wanawake wazee wa Marekani, ulikuta kwamba waliotembea hatua 4,400 kwa siku walikuwa na hatari ndogo ya kufa kuliko waliotembea 2,700, na hatari ilizidi kupungua hadi karibu hatua 7,500, kisha ikatulia. Mtu wa hatua 3,000 akiongeza 1,500 amefanya jambo kubwa. Aambiwe hivyo.

Hatua zenyewe zinapatikana njiani. Anayetoka Kondele anaweza kushuka Kibuye na kumalizia kwa miguu hadi mjini. Anayepanda bodaboda kutoka getini aitafute barabarani. Saa saba mchana jua la Kisumu ni kali, kwa hiyo afadhali asubuhi, au jioni kabla mvua haijashuka. Wenzetu wa Nakuru wana baridi ya kuwasaidia, nasi tuna upepo wa ziwa.

Kushiriki kuwe kwa hiari kabisa. Hesabu ya hatua inaeleza mwenendo na afya ya mtu, na Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Kila timu iwe na mtu mmoja wa kukusanya namba, na ubaoni ubandikwe wastani wa timu peke yake. Meneja hana haja ya kujua nani alilala Jumapili nzima. Zawadi nayo iwe ndogo na ya kuliwa pamoja, kama chakula cha mchana cha samaki kwa timu nzima, kwani fedha nyingi huwafanya watu watikise simu wakiwa wamekaa.

Mwezi mmoja baada ya shindano kwisha, pimeni tena wiki moja bila timu wala zawadi, kisha mlinganishe na wiki ya msingi. Tulipofanya hivyo, mama wa mapokezi, aliyekuwa amerudi, bado alikuwa akishuka Kibuye.